Mpunga wa Chini ya Taa

Niliposhuka Walikale kuolewa, nilikuwa sijawahi kuona mpunga ukizaa. Niliwahi kuuona ukikua tu, na ukishindwa.

Kwetu ni juu, kwenye milima ya Masisi, upande wa Kingi, ambako asubuhi moshi wa majiko na ukungu huchanganyika mpaka hujui unapumua kipi. Tulilima maharagi, njegere, viazi na mtama, na migomba pale bondeni penye joto kidogo. Wali tulikula Krismasi, misheni, nao ulikuwa mdogo kiasi kwamba watoto walikuwa wanahesabiana punje. Mwaka mmoja, vita vya Wazungu vikiwa bado havijaisha, baba yangu alipelekwa na Leta, serikali ya Wabelgiji, kubeba mizigo mpaka Walikale. Alirudi na mbegu za mpunga zimefungwa kwenye kitambaa, akazipanda karibu na kijito nyuma ya nyumba.

Mpunga uliota vizuri. Majirani walikuja kuutazama. Lakini mtama ukavunwa, maharagi yakavunwa mara mbili, na mpunga wa baba ukabaki majani. Mwishoni kabisa ulitoa masuke, nayo yalitoka nusu tu, kama mtu aliyekwama kwenye nguo akiivua. Baba alivunja suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Yote yakaruka. Yalikuwa mapepe matupu.

“Baridi imeuua,” alisema. Akawaita wafugaji wa juu yetu, wakaja na ng’ombe wao, wakamaliza shamba lote kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo mimi nilikuwa najua jambo moja tu kuhusu mpunga, kwamba ni mmea unaoweza kula mwaka wako na usikupe kitu.

Mume wangu nilimpatia misheni. Alikuwa seremala wa kampuni iliyokuwa inachimba madini ya bati huko Walikale, na mapadri walikuwa wamemwomba aje kututengenezea mabenchi ya kanisa. Alikaa kwetu msimu mzima wa mvua. Wazazi wangu walimkubali kwa sababu ya ukristo wake na kwa sababu ya mikono yake. Mimi nilimkubali kwa sababu alikuwa haongei huku anafanya kazi, lakini akimaliza aliongea vizuri.

Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Tulishuka kwa miguu, halafu kwa lori, halafu kwa miguu tena. Kila tulipoteremka nilivua kitu: kwanza shuka ya mabegani, kisha kitambaa cha kichwani. Msitu ulisimama pande zote mbili za njia, na hewa ilikuwa nzito kama ya jikoni. Mama mkwe alitupokea mlangoni. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alinitazama kutoka miguuni kwenda juu.

“Unajua kulima?” aliniuliza.

“Najua, Mama.”

“Kulima nini?”

“Maharagi. Na viazi.”

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. “Hapa tunalima mupunga. Utajifunza.”

Wakati ule kila nyumba ililazimishwa na Leta kulima mpunga. Moniteri wa kilimo alipita kupima mashamba na kutazama palizi, na mwanamume ambaye shamba lake lilikutwa baya alilala buloko, jela ya Leta. Lakini mama mkwe hakulima kwa kuogopa buloko. Alikuwa analima mpunga tangu ujana wake na aliupenda. Alinifundisha kupanda kwenye msitu uliokatwa na kuchomwa, kati ya magogo yaliyobaki meusi: mwanamke mmoja anatangulia na mti uliochongwa, anatoboa ardhi, mwingine anafuata, anadondosha punje chache na kufunika kwa kidole cha mguu. Alinifundisha kukata suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, na kufunga mafungu.

Mbegu yake aliirithi kwa mama mkwe wake. Ukiimwaga kwenye ungo uliona si mbegu moja. Kulikuwa na punje zenye ganda jekundu, nyingine za rangi ya majani makavu, nyingine zenye ndevu ndefu zilizochoma vidole. Zote ziliishi pamoja, na yeye hakuzitenganisha.

“Huu mupunga iko na majira yake,” aliniambia. “Ukiupanda mbele ya wakati, utakaa na majani tu, unangojea. Ukichelewa kuupanda, utakimbia kufuata wengine. Mwisho mashamba yote inatoa masuke karibu pamoja.”

“Unajuaje majira?” niliuliza.

“Mimi? Sijui. Mupunga wenyewe njo unajua.”

Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri. Nilijifungua binti baada ya mavuno, na mama mkwe ndiye aliyempokea mikononi. Alipoona naweza kazi na mtoto mgongoni, alinipa shamba langu mwenyewe. Lilikuwa pembeni ya magazini, ghala la madini la kampuni, mahali ambapo mume wake marehemu alikuwa amepasafisha kwa mikono yake. Upande wa chini liligusa mto, upande wa juu lilikaribia ukuta wa magazini.

Miezi michache kabla ya kupanda, kampuni ilikuwa imeleta moteri ya umeme kwa ajili ya mashine zake. Na kwa kuwa magunia ya madini yalikuwa yanapotea magazini, walisimamisha nguzo ndefu hapo, wakatundika taa ya ampuli kubwa iliyowaka tangu jua linapozama mpaka linapochomoza. Hatua chache kutoka nguzo, upande wa shamba langu, wakamjengea zamu, mlinzi wa usiku, kibanda cha mbao.

Sisi tuliifurahia taa ile. Wanawake walitwanga mpaka usiku kwenye mwanga wa bure. Mimi nilikaa kwenye gogo mpakani mwa shamba, nikashona nguo za mtoto. Sikumfikiria mwingine yeyote anayemulikwa na taa hiyo isipokuwa wezi.

Nikapanda. Mpunga ukaota sawasawa, nikapalilia, moniteri akapita na kusifu. Majira yalipofika, mashamba ya mtaa mzima yakaanza kutoa masuke. Langu pia, kuanzia mtoni. Kila asubuhi nilienda kutazama jinsi yanavyopanda kilima kidogo kidogo. Kisha yakasimama. Upande wa juu, karibu na magazini, mpunga ulibaki majani. Yalikuwa majani mazuri, marefu, ya kijani kilichokolea kuliko sehemu nyingine zote.

Nilijiambia yamechelewa tu. Lakini upande wa mto masuke yalianza kujaa na kuinama, na kule juu bado majani. Siku moja nilikata shina, nikalipasua kwa ukucha kutafuta suke changa ndani. Nilikuta jani limefungwa ndani ya jani, na ndani yake jani tena. Nikaona mbele yangu kijito cha nyuma ya nyumba yetu, na baba anapuliza mapepe. Nikalitupa lile shina, nisimwambie mtu.

Lakini shamba lilikuwa kando ya njia, kila mtu aliliona. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa anaishi nyumba ya pili, alilisema mtoni mbele ya wanawake waliokuwa wanafua.

“Wifi yangu alituletea baridi ya milima. Ona, mupunga inamuogopa.”

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Lakini maneno ya mtoni hayabaki mtoni. Baada ya siku chache mwanamke mmoja aliyekuwa na desturi ya kuniomba nimsaidie kuchagua mbegu alinipokonya ungo taratibu mkononi, akasema nipumzike. Mwingine aliniuliza kama mikono yangu ni baridi hivi tangu kuzaliwa. Nilianza kuitazama mikono yangu nikiwa peke yangu.

Halafu moniteri akaja. Alikuwa kijana aliyesomea kilimo kwenye shule ya Leta, mwenye kaptula ya kaki na sauti ya upole hata alipokuwa anatisha.

“Huku juu mulipanda kwa kuchelewa,” alisema.

“Tulipanda siku moja,” mama mkwe alimjibu.

“Mama, mupunga iliyopandwa siku moja inazaa pamoja. Nyinyi mulipanda nusu, mukaenda kulala, mukarudia kisha. Nitaandika nini sasa? Nikiandika vile naona, bwana ya huyu mama atalala ku buloko.”

“Andika vile unaona,” mama mkwe alisema. “Lakini tulipanda siku moja.”

Moniteri akasema atapita tena kabla ya mavuno, na kama bado kuna majani, hatakuwa na la kufanya.

Jioni hiyo mume wangu hakunigombeza. Alikula, akanawa, akasema, “Labda uende kwenu kidogo upumzike. Upeleke mutoto, wamuone.” Alisema kwa wema, na ndiyo maana iliniuma. Kama angenipigia kelele ningepata la kujibu. Nilikunja nguo za mtoto, nikaziweka kwenye kitunga, nikawa nawaza njia ndefu ya kupanda Masisi na nini nitamwambia mama yangu.

Asubuhi mama mkwe alikiona kitunga karibu na mlango. Alisema tu, “Twende tufukuze ndege,” akamchukua mtoto, akatangulia.

Tulikaa kwenye gogo. Ndege walikuwa wengi upande wa mto, tulirusha mawe na kupiga kelele. Walipotulia nilimweleza habari yote ya mpunga wa baba: kijito, ukungu, masuke yaliyokwama, mapepe, ng’ombe. Nilimwambia kwamba labda wifi alisema kweli.

Mama mkwe alijifuta shingo kwa kitambaa. “Baridi iko wapi? Mimi natoka jasho tangu asubuhi.” Akanyoosha mkono. “Kuliko kuongea vile, angalia kule. Kile ni nini?”

Nilitazama. Katikati ya kile kijani cha juu kulikuwa na mstari wa masuke. Ulianzia kwenye kibanda cha zamu, ukashuka ndani ya shamba, ukipanuka kidogo kidogo. Tulisimama tukauendea. Ndani ya mstari mpunga ulikuwa umezaa sawa na ule wa mtoni. Hatua moja kulia, majani. Hatua moja kushoto, majani.

Tulimuuliza zamu kama alimwaga majivu pale, au kama anakojoa pale. Alikataa vyote viwili kwa hasira. Mama mkwe akafikiri labda zamani ilikuwa njia ya mume wake ya kwenda mtoni, na udongo uliokanyagwa una tabia nyingine. Akachimba kwa vidole ndani ya mstari na nje yake, akanusa, akaonja hata kidogo kwa ulimi. “Udongo moja,” alisema. Tukarudi kwa ndege.

Jioni mama mkwe alitangulia nyumbani na mtoto. Mimi nilibaki kuchuma sombe, majani ya mihogo iliyokuwa mpakani. Jua lilipokuwa linaishia nyuma ya miti, nilisikia moteri inaanza kunguruma, na taa ikawaka. Nilikuwa nimegeukia shamba. Kivuli cha kibanda cha zamu kikaanguka juu ya mpunga. Kikaanguka juu ya ule mstari, kikaufunika wote, upana wake na urefu wake, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Nilidondosha sombe. Nilikimbia kumwita mama mkwe, na alikuja akiwa bado na mwiko mkononi, mtoto mgongoni. Aliingia mpaka katikati ya kivuli, akashika masuke. Akatoka kwenye mwanga, akashika majani. Aliitazama taa mpaka macho yakamtoka machozi.

“Hailale,” alisema. “Huu mupunga hailale, mama. Njo maana haijue siku zake.”

Asubuhi mume wangu alikwenda kumwomba mkubwa wa kampuni azime taa. Mzungu yule alimsikiliza, akasema taa iko pale kwa ajili ya madini na si kwa ajili ya mpunga wa watu. Lakini aliruhusu tujenge kizuizi, mradi zamu aendelee kuona mlango wa magazini. Basi mume wangu akakata miti, akasimamisha fremu ndefu, nzuri, kwa sababu hakuwahi kujua kutengeneza kitu kibaya. Tukaifunika kwa mikeka na majani ya migomba. Kila yalipokauka na kupasuka tulibadilisha. Watu walipita njiani wakauliza kama tunajenga nyumba isiyo na paa. Wifi yangu alisimama, akatazama, akaenda zake.

Sikurudi Masisi. Kitunga nilikitumia kubebea majani ya migomba.

Moniteri alipokuja alikuta ukuta wa mikeka. Nilimweleza, huku nikijua jambo lenyewe linavyosikika. Hakucheka. Alivua kofia, akaketi kwenye gogo letu, akatazama ule mstari muda mrefu.

“Ku masomo,” alisema, “mwalimu wetu alituambia habari ya maua fulani ya kwao Ulaya. Alisema inapima urefu wa usiku. Usiku ikiwa mufupi, haichanue; ikirefuka, inachanua. Tuliandika, tukafanya mutihani, tukasahau. Hakusema mupunga. Na kwetu usiku iko karibu sawa mwaka muzima. Mimi nilifikiri ni mambo ya Ulaya.”

“Karibu sawa si sawa,” mama mkwe alisema.

“Ndiyo, Mama. Labda mupunga yenu inasikia ile kidogo tu.” Akamgeukia yeye hasa. “Niliwaambia mulilala. Munisamehe. Sitaandika kitu leo. Nitarudi nione.”

Ilichukua zaidi ya mwezi. Nilikuwa napasua mashina kwa siri, karibu kila siku, mpaka mama mkwe akanikataza kwa sababu nitayamaliza. Siku moja yeye mwenyewe alipasua, akanionyesha kiganjani kitu cheupe, kidogo, laini, chenye matawi kama unyoya wa kifaranga. Lilikuwa suke. Sikulia, lakini nilikaa chini.

Kisha mashina yakavimba, na masuke yakatoka. Na kwa kuwa mashamba mengine yote yalikuwa yamekwisha kuvunwa, ndege wa mtaa mzima walihamia kwetu. Tulipiga madebe tangu alfajiri mpaka giza. Sauti yangu ilikauka kabisa. Siku ya tatu au ya nne wifi alitokea na watoto wake wote, kila mmoja na kopo na fimbo. Aliwapanga kuzunguka shamba. Hakusema habari ya mtoni, na mimi sikumkumbusha. Tulipiga kelele pamoja mpaka mavuno, na mume wangu hakulala buloko.

Lakini kabla ya mikeka kulikuwa kumetokea jambo jingine, ambalo mimi nililiona na kulipuuza. Katika kile kijani chote, mbali na kivuli, kulikuwa na mashina machache, hapa moja, pale moja, yaliyotoa masuke kwa wakati wake, uso kwa uso na taa. Niliyaona kama makosa. Mama mkwe aliyakata ya kwanza kabla ya kukata mengine, akayafunga fungu lake na kulitundika juu ya moto.

“Hizi zilizaa na mwanga mu macho,” alisema. “Nataka kuona watoto yake.”

Moniteri alipoliona fungu lile alifurahi kuliko alivyofurahia mavuno. Alituomba msimu unaofuata tusichanganye mbegu: kila suke lipandwe kwenye mstari wake peke yake, karibu na taa, bila mikeka. Masuke yale yalikuwa machache, mistari haikujaza sehemu ile, kwa hiyo tuliongeza mistari ya masuke ya kawaida, yale yaliyosubiri mikeka. Jirani alisema sasa tunacheza. Mama mkwe alimwambia kwamba shamba ni lake.

Mistari ya lile fungu ilizaa yote. Taa iliwaka usiku kucha, nayo mistari ile ikatoa masuke kama haioni kitu. Mistari ya kawaida ilibaki majani, kama tulivyotazamia, isipokuwa mmoja. Katika mstari huo, uliotoka kwenye suke la kawaida kabisa, mashina mengi yalikuwa majani, lakini machache, kama robo yake, yalizaa chini ya taa.

Mama mkwe alikasirika, akadhani mimi nimechanganya mbegu. Nilimwapia kwamba sikuchanganya. Tukamngoja moniteri, naye akauzunguka mstari ule, akashika kiuno.

“Kawaida,” alisema, “ua moja ya mupunga iko baba na mama pamoja. Haiendi kutafuta mwenzake. Njo maana watoto inafanana na muzazi. Lakini mara moja moja upepo inaleta vumbi ya ua ya jirani. Suke hii, zamani, baba yake alikuwa wa namna moja na mama yake wa namna ingine. Yenyewe ilifuata yule anayekataa kuzaa na taa. Ya yule mwingine iliificha mu damu, ikaipatia watoto wake wachache.”

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye gogo anakula ndizi. Bibi yake alimwendea, akamwinua kidevu, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Mtoto alikuwa na mwanya mpana katikati ya meno ya mbele.

“Bwana yangu alikuwa na hii,” alisema. “Kijana wangu hana. Hata dada yake hana. Nilifikiri tuliizika naye.” Akamwachia mtoto, akamtazama moniteri. “Ni vile?”

“Ni vile, Mama,” moniteri alisema. “Karibu vile.”

Tangu siku hiyo mama mkwe aliupalilia ule mstari mwenyewe, wala hakuruhusu mtu kuukanyaga.

Mbegu ya fungu ikaongezeka. Watu wakaanza kuiita mupunga ya taa. Mwanzoni tuliipanda karibu na magazini tu, mahali ambapo nyingine haikufaa. Halafu mama mkwe akapata wazo la kuipanda kwenye mvua nyingine, ile ya baada ya mwaka mpya, wakati mbegu ya zamani, ukiipanda, ilikawia mno na kukupa majani zaidi kuliko chakula. Mimi niliogopa. Yeye alisema, “Kama haiangalie taa, labda haiangalie majira pia.” Ilizaa. Haikuzaa sana, kwa sababu mvua ile ni fupi, lakini ilizaa katika miezi ambayo zamani tulikuwa tunakula mihogo asubuhi na mihogo jioni, na watoto wanavimba matumbo.

Wifi alikuwa wa kwanza kuja kuomba mbegu. Alikaa jikoni kwangu muda mrefu, akazungumza habari ya kuku wake, ya mguu unaomuuma, ya mvua, mpaka nikamuuliza kama anataka mbegu. Akasema ndiyo. Nilimjazia kitunga, akanisaidia kutwanga kilichobaki, na wakati tunatwanga alisema tu, “Wifi, mikono yako iko na moto kuliko yangu.” Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote kuhusu jambo lile.

Moniteri alipeleka kiganja cha mbegu kwa wakubwa wake. Kama waliipanda, au waliisahau mezani, hatukupata kujua. Yeye mwenyewe alihamishwa kupelekwa upande wa ziwa, kule Shasha. Alikuja kutuaga siku moja ya mvua ya masika, wakati ambao zamani kusingekuwa na mpunga mpya katika nyumba yoyote. Mama mkwe alimpikia wali na samaki wa mtoni. Alikula, akaomba sahani nyingine, na mama mkwe akampa huku anaificha furaha yake. Mume wangu alimletea kiti alichomtengenezea, chepesi, cha kubeba kichwani. Mvua haikukatika. Ikabidi alale kwetu, na asubuhi, njia ilipokauka kidogo, tukamsindikiza mpaka kwenye daraja, mtoto wangu ametangulia mbele na kopo la kufukuzia ndege, akilipiga ovyo.